Mikokoni Watu Hunong'ona

Siku yenyewe ilianza kwa ugomvi wa sukari. Mume wangu alikuwa anaongeza kijiko kingine kwenye chai, mdogo wangu akamwambia mtu mzito hafai kupanda boti nyepesi, na mimi nikawaambia wote wawili wanyamaze nimalize kazi. Nilikuwa nimeinama mezani na koleo dogo, uzi wa cherehani na manyoya ya jogoo, nafunga zile ndoano za manyoya ambazo samaki huzidhania ni dagaa. Mimi ni fundi nguo. Lakini kila kiangazi kikifika mdogo wangu hunigeuza fundi wake wa ndoano, tena bila kuniuliza.

Mdogo wangu huyo mtaa mzima unamwita Redio. Nadhani sababu inajieleza. Akicheka jikoni kwetu, watu wa barabara ya pili wanajua kuna jambo. Kazi yake ni kuwapeleka watu kuvua kwenye mikoko, katika mkono wa bahari unaofika mpaka nyuma ya nyumba yetu. Ua wetu unaishia majini, pale penye gati dogo la mbao alilolijenga mwenyewe. Maji yakijaa huingia katikati ya mizizi ya mikoko, na samaki aina ya kolekole huingia nayo kutafuta kaa.

Boti yake ni bapa, haina injini. Yeye husimama nyuma, juu ya kibao, akaisukuma kwa upondo, yaani ule mti mrefu unaochomekwa kwenye tope. Mvuvi husimama mbele na fimbo yake ya kuvulia. Kwa kuwa Redio yuko juu, yeye ndiye huwaona samaki kwanza, akamwambia mvuvi: mbele, kushoto kidogo, tupa. Na mvuvi hutupa bila kugeuka, maana ukiyaondoa macho majini mara moja tu, samaki kashakwenda zake. Mtu anaweza kuvua na Redio tangu maji yanaanza kujaa mpaka yanakupwa asiuone uso wake hata mara moja. Anachokijua ni sauti.

Tena si sauti kamili. Kule Redio hangurumi kama anavyonguruma kwetu. Mikokoni watu hunong'ona, na hiyo ndiyo sheria anayompa kila mteja kabla hajaingiza mguu botini. Wateja hudhani ni kwa ajili ya samaki, naye huwaacha wadhani hivyo. Mtu aliyemfundisha kazi alimpa sababu nyingine. Alimwambia kwamba sauti ukiiachia kule, hurudi nayo. Siku Redio aliponieleza nilicheka mpaka nikachomwa na sindano. Nikamwambia basi akaiache huko, nasi tupate kulala mchana.

Siku hiyo hakukuwa na mteja. Mume wangu ni fundi wa friji, na kiangazi ndio msimu wake wa kukimbizana na watu wenye maziwa yaliyoharibika, lakini alikuwa amejipa mapumziko. Alikuwa na hamu ya kolekole. Na alikuwa, Mungu anisamehe kwa kumsema mume wangu, mvuvi mbovu kupita kiasi. Mshipi wake aliutupa kama mtu anayeanika shuka kwenye upepo. Miaka yote waliyokwenda pamoja Redio hakuwahi kumsifu. Alimwita shemeji kwa mapenzi yote, kisha akamsimanga mwanzo mpaka mwisho, na mume wangu akirudi ananisimulia masimango yenyewe huku anacheka.

Waliondoka asubuhi jua likiwa tayari kali. Niliwaona wakipinda kwenye kona ya mikoko, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nikarudi kwenye cherehani yangu. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza.

Yaliyotokea majini nimeyapata kwa mume wangu, na mume wangu ni mtu ambaye hata ukimuuliza kama mboga imekolea chumvi atakuambia kweli akale njaa.

Anasema maji yalikuwa safi, hayana hata kiwimbi, na upepo ulikuwa umekufa. Redio alinong'ona kwamba kuna kolekole wawili karibu na mizizi. Mume wangu akatupa. Ndoano ikapita juu ya samaki, juu ya mizizi, ikanasa kwenye tawi la mkoko. Redio akavuta pumzi ndefu, ile ya mtu anayejizuia kutukana ndugu.

Mahali kama hapo boti haisukumwi kwenye mizizi, kwa sababu mkwaruzo mmoja tu hufukuza samaki wote. Mwenye upondo hushuka mwenyewe akaenda kuinasua ndoano kwa miguu. Kwa hiyo Redio aliuchomeka upondo kwenye tope, akaifunga boti hapo, akashuka. Maji yalimfika magotini. Akampita mume wangu ubavuni, akamnong'oneza akae macho mbele, kwani samaki wanaweza kurudi, kisha akazunguka nyuma ya kichaka cha mikoko kilichokuwa kando ya boti, kule mshipi ulikokwenda. Baada ya muda mume wangu aliusikia mshipi ukivutwa kidogo, ishara kwamba ndoano imenasuka. Akaukusanya taratibu, macho mbele, mkao wa kula.

Boti ikainama nyuma. Mtu alikuwa amepanda. Mume wangu alisikia kibao kikilia, na upondo ukitoka kwenye tope kwa ule mlio wake wa kunyonya. Boti ikaanza kwenda.

"Mbele," mnong'ono ulimwambia. "Kulia kidogo. Tupa."

Akatupa. Na anasema, kwa mara ya kwanza maishani, mshipi ulinyooka. Ulikwenda kama alivyokuwa akiota usiku, ndoano ikatua bila kelele pale pale alipotaka.

"Safi," mnong'ono ulisema.

Alifurahi. Hilo hulirudia kila anaposimulia. Alifurahi kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu. Hakujiuliza kitu. Mnong'ono hauna mwenyewe, wa mtu huyu na wa mtu yule husikika sawa. Na tangu lini mvuvi akageuka nyuma?

Wakaendelea. Mbele, kushoto. Tupa. Safi. Samaki hakuwaona, lakini alikuwa akiambiwa wapo, na aliamini. Mikoko ilianza kusogeleana pande zote mbili. Jua likapungua. Maji yakawa meusi, na shingoni akasikia baridi, katikati ya kiangazi, jua la utosini. Njia hiyo hakuwahi kupitishwa. Alitaka kuuliza, akaona atafukuza samaki.

Ndipo sauti ilipokuja kutoka mbali, nyuma kabisa, walikotoka. Haikuwa mnong'ono. Ilikuwa sauti nzima ya Redio, ile inayovuka mitaa.

"Shemeji, nani anakusukuma?"

Upondo ulisimama. Boti ikaelea peke yake. Ndege walikuwa wameruka kutoka kwenye matawi, na baada ya hapo pakanyamaza kiasi kwamba mume wangu alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye upondo. Tone. Tone. Yalikuwa yakidondoka karibu sana na mgongo wake.

Kisha huyo wa nyuma akasema. Safari hii hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya Redio, nzima, yenye kicheko ndani yake, kama vile ameipokea sasa hivi na anaijaribu.

"Mimi hapa, shemeji. Umetupa vizuri sana leo. Tupa tena."

Mume wangu hakugeuka. Anasema miguu ilimtaka ageuke, shingo ilimtaka ageuke. Kilichomzuia ni kitu kidogo. Alikumbuka kwamba shemeji yake hajawahi kumsifu.

Alingoja sauti ya mbali iite tena. Haikuita. Badala yake akasikia maji yakipigwa huko nyuma, yakipigwa kwa mikono, na hakuna ukelele. Akajua Redio amekwama. Akajua na maji yanajaa.

Akashuka kwa mbele, taratibu, fimbo akaiacha. Maji yalimfika kifuani. Ili kumfikia Redio ilimbidi apite ubavuni mwa boti, ampite huyo aliyesimama nyuma. Akavuta pumzi, akafumba macho, akazama. Alijikokota tope kwa tope, mkono mmoja kwenye mizizi. Upondo ukashuka karibu naye. Akausikia ukichoma tope mbele ya uso wake. Ukatoka. Ukachoma tena, nyuma ya kisigino. Ulikuwa unapapasa.

Kifua kilikuwa kinataka kupasuka. Hakuinuka mpaka alipolisikia jua mgongoni.

Redio alikuwa nyuma ya kile kichaka cha mikoko, mguu umezama kwenye tope katikati ya mizizi miwili, maji yamefika kidevuni. Maji kuzidi unga ndiko huko. Alikuwa amepanua mdomo. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama, uso umeiva, na alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote. Mume wangu alikuwa karibu naye kama mimi nilivyo karibu na meza hii. Hakusikia kitu.

Alizama mpaka miguuni pa Redio, akachimba kwa kucha. Akapanda kuvuta pumzi, akazama, akachimba. Redio alikuwa ameinua pua juu, anatafuta hewa. Mara ya mwisho mume wangu aliukumbatia mguu ule na kuuvuta kwa uzito wake wote, uzito ule ule aliokuwa akisimangwa nao asubuhi, na ukatoka, ngozi ikabaki kwenye mzizi. Wakapanda juu ya matawi. Wakashikana. Mume wangu alikuwa anatazama chini. Redio alikuwa anatazama kule boti ilikokwenda, na mume wangu alipomuuliza anaona nini, alimziba macho kwa kiganja.

Mimi wakati huo nilikuwa nashona kola.

"Dada, kamata kamba."

Nilimsikia vizuri kabisa, anavyoniita siku zote akifika gatini. Nikaacha cherehani, nikatoka mlango wa nyuma huku namsema, kwa nini hawezi kufunga boti yake mwenyewe kama watu wazima wenzake. Jua lilinipiga machoni, nikaweka mkono usoni. Kamba ikarushwa. Ilikuja vizuri, ikiwa imekunjwa mafungu, nami nikaidaka, nikainama, nikaifunga kwenye nguzo ya gati kama nilivyofanya maelfu ya mara. Nikamwambia chai ipo. Ndipo nikainua macho.

Botini hapakuwa na mtu. Fimbo ya mume wangu ilikuwa mbele, upondo umelazwa ubavuni, bado unachuruzika tope. Boti ilikuwa imekuja kinyume cha mkondo. Na kibao cha nyuma kilikuwa kinainuka polepole, kama kinavyoinuka mtu akishuka. Mbao za gati zikalia mbele yangu. Kisha zikalia nyuma yangu.

Sijui nilifikaje kwa jirani mwenye boti ya injini. Najua nilikuwa nimeshika kola ya mtoto wa watu mkononi. Jirani aliuona uso wangu, akawasha injini. Aliwakuta juu ya matawi, maji chini yao, wameshikana kama nguo zilizofungwa fundo. Nilipowaona wote wawili kwenye boti ile nililia kwa sauti, sikuona aibu. Ndugu yangu alikuwa hai. Nilimkumbatia, nikampiga ngumi, nikamwambia aseme kitu. Akafungua mdomo.

Daktari alimchungulia koo, akampiga picha, akasema halina kasoro yoyote. Alisema huenda ni mshtuko na sauti itarudi yenyewe. Redio alinitazama. Sisi sote watatu tulikuwa tunajua ilipo.

Boti tuliichoma. Kamba niliikatakata kwa mkasi wangu wa kazi, nikaitia motoni kipande kwa kipande, nikasimama hapo mpaka ikawa majivu. Redio akaanza kunisaidia kushona vifungo. Nyumba ikawa kimya kiasi kwamba mume wangu akawa anaacha bomba la maji likitiririka ili tu kuwe na kelele.

Kisha maji makubwa yakaja tena, mchana, upepo umekufa. Nilikuwa mezani na Redio tumekaa ana kwa ana. Kutoka mikokoni tukasikia, mbali, wazi kabisa.

"Mbele. Kushoto kidogo. Tupa."

Ilikuwa sauti yake. Niliutazama mdomo wake. Ulikuwa umefungwa, na kifungo kilikuwa katikati ya vidole vyake. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Siwezi kueleza nilivyoumia. Ni kama kumsikia marehemu wako chumba cha pili huku unamtazama.

Kila maji yalipojaa ilisogea. Ilikuwa kwenye kona, ikawa karibu na gati, ikawa uani. Ikaacha habari za samaki. Ikaanza kucheka kile kicheko chake cha jikoni. Na Redio akaanza kusimama ikiita. Alikuwa anaelekea mlangoni, na nilipomzuia alijigusa koo, kisha akaonyesha nje. Nilimwelewa. Alikuwa ananiambia ni yake. Amesimama mlangoni mali yake iko nje, mimi namkataza kuichukua.

Nikamwambia, "Ulichokiacha kule ni sauti. Ukitoka, utaacha na mwili."

Akatikisa kichwa. Hakukubali, na mimi ningekuwa yeye nisingekubali.

Juzi ilifika mlangoni. Mume wangu alikuwa nyumbani, nashukuru, maana peke yangu nisingemweza. Tulimshika Redio, mmoja huku, mmoja huku, sakafuni, nyuma ya mlango uliofungwa kwa komeo. Sauti ilikuwa upande wa pili wa ubao, kimo cha masikio yetu, kama na yenyewe imekaa chini.

"Dada," iliniita, kwa upole ambao Redio hajawahi kunifanyia. "Nifungulie. Nimechoka huku."

Nilimbana mdogo wangu kifuani kwangu na kuziba masikio yake. Yangu sikuwa na mikono ya kuyaziba. Iliita mpaka maji yalipoanza kukupwa, kisha ikanong'ona kitu ambacho hatukukisikia, ikanyamaza. Redio akalegea mikononi mwetu. Alilala hapo hapo sakafuni kama mgonjwa aliyeshuka homa.

Tulingoja mpaka jioni. Kutoka dirishani tope lilionekana tupu mpaka kwenye mikoko, hata kaa wametoka. Hakuna boti ambayo ingeweza kuelea kule. Mume wangu akaondoa komeo, akavuta mlango. Haukufunguka. Akauvuta kwa mikono miwili. Ukasogea upana wa kidole, ukavutwa ukarudi.

Nikaenda dirishani nikachungulia. Kwenye kitasa cha nje ilikuwa imefungwa kamba, mbichi, inachuruzika, fundo la Redio kabisa, na Redio alikuwa amelala miguuni pa mume wangu. Ilivuka ua, ikapita juu ya gati, ikavuka tope lote, ikaingia kwenye mikoko ambako macho yangu yaliishia. Hakuna upepo uliokuwa unavuma. Kamba ilikuwa inakazika, inalegea, inakazika, kama inavyofanya kamba ya boti inayongoja mtu apande.